Nani Alimpa Jina? Kuwataja Wapanda Majoka Katika Fantasia ya Kijeshi

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Leo tutazungumzia majina ya wapanda majoka katika riwaya za fantasia zinazosimulia vita na maisha ya jeshi. Niko na mwenzangu Baraka, ambaye anaandika riwaya ya aina hiyo, na ambaye amenikabidhi sura tatu za mwanzo nizihariri.

BARAKA: Shikamoo, Mwalimu.

ZUHURA: Marahaba, Baraka. Nimezisoma sura zako kwa kalamu mkononi. Kapteni wa kikosi anaitwa Drazkhor, luteni wake ni Draveth, na joka la kapteni ni Drakhul. Katika mapigano ya kwanza nililazimika kurudi nyuma mara nne ili nijue ni nani hasa aliyechomwa mkuki. Majina matatu kuanza kwa sauti moja ni kosa linalorekebishika haraka, wala silo lililonikosesha raha. Lililonikosesha raha ni kwamba majina hayo hayana mzazi. Nilitafuta ndani ya dunia uliyoiumba mtu ambaye angeweza kumbeba mtoto mchanga na kumwita Drazkhor, na sikumwona.

BARAKA: Nilitaka jina litishe, Mwalimu. Nilifikiri kwamba mtu anayepanda kiumbe chenye moto hawezi kuitwa jina la kawaida.

ZUHURA: Jina la vita linaweza kutisha, lakini nguvu yake hutoka kwa aliyelitoa na kwa siku lilipotolewa. Tazama watu ambao sote tumewasoma shuleni. Yule mtemi wa Wanyamwezi aliyefariki mwaka 1884 hakuzaliwa akiitwa Mirambo. Aliitwa Mtyela Kasanda, na Mirambo, jina ambalo hufasiriwa kuwa ni maiti, likaja pamoja na vita vyake. Hamad bin Muhammad el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alieleza mwenyewe katika simulizi ya maisha yake kwamba jina la Tippu Tip alipewa na watu wa bara kutokana na mlio wa bunduki zake. Kwa hiyo waliomtaja ni wale waliokuwa upande wa pili wa bunduki. Naye Mkwawa, aliyelishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891, jina lake ni ufupisho wa Mkwavinyika. Hapo tuna njia tatu tofauti, na katika kila moja unaweza kuonyesha kwa kidole ni kinywa cha nani kilichotangulia kulitamka jina.

BARAKA: Hilo la ufupisho linanikumbusha riwaya za Anne McCaffrey kuhusu wapanda majoka, zilizoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1960. Kijana wa kiume akishachaguliwa na joka, jina lake la utotoni hukatwa na kuwekwa ritifaa, kwa mfano Fallarnon akawa F'lar na Famanoran akawa F'nor. Majina ya majoka nayo huishia kwa th, kama Ramoth na Mnementh, na joka mwenyewe ndiye anayemwambia mpandaji wake jina lake. Kusema kweli, niliziiga herufi tu.

ZUHURA: Na si wewe peke yako. Waandishi wengi waliomfuata walichukua ritifaa wakaiacha sababu yake. Kwake yeye ritifaa ni kovu la heshima, kwa sababu inaonyesha mahali ambapo maisha ya zamani yalikatwa. Ukiiweka kwenye jina la kila mtu, hadi muuza samaki, haisemi tena lolote. Isitoshe, kwa sisi tunaoandika Kiswahili ritifaa ina kazi yake tayari. Msomaji wetu akiona ng'ombe na ngoma anajua tofauti ya sauti bila kufikiri. Ukimpa K'zar, macho yake yatatafuta sauti ambayo haipo. Ukimpa Ng'ara, atalitamka mara moja, na tena atauona mng'aro ndani yake.

BARAKA: Kuhusu kutamka, niruhusu nieleze jambo nililolifanya baada ya kupata maelezo yako. Nilikwenda pwani jioni, wakati kusi inavuma kwa nguvu, nikamwomba binamu yangu asogee na ngalawa yake hadi mahali ambapo ningemwona lakini nisiweze kuzungumza naye. Nikaanza kumwita kwa majina ya wahusika wangu, jina moja baada ya jingine, na tulikuwa tumekubaliana kwamba akilisikia jina atainua kasia. Nilipoita Drazkhor, kasia halikuinuka. Draveth, kimya. Nilipoita Chausiku, jina la mpishi katika sura ya pili, kasia likainuka kabla sijamaliza.

ZUHURA: Bila shaka. Sisi tukimwita mtu wa mbali huvuta silabi ya mwisho, na silabi zetu huishia kwa irabu, ambayo ndiyo inayobebwa na upepo. Jina linaloishia kwa konsonanti hukatika hapohapo mdomoni.

BARAKA: Ndipo nikafikiri kwamba jeshi linalopigana angani, upepo ukivuma masikioni na mbawa zikipiga, lingekuwa limegundua jambo hilo zamani. Maofisa wangekuwa wanawapa makuruta majina ya kuitia, mafupi na yenye irabu mwishoni, wala kusingekuwa na majina mawili yanayofanana katika safu moja.

ZUHURA: Hapo umeanza kuandika jeshi. Nami niongeze kwamba jeshi la kweli hujaa majina yanayojirudia, jambo ambalo waandishi wengi hulikwepa. Katika ulinzi wa Rorke's Drift, kituo cha jeshi la Waingereza kule Natal, Afrika Kusini, mwaka 1879, askari wawili waliolinda hospitali pamoja na kutunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, waliitwa William Jones na Robert Jones. Hawakuwa ndugu. Katika kumbukumbu wanatofautishwa kwa namba zao za jeshi, 593 Jones na 716 Jones. Mimi ningependa sana kuona katika kikosi chako Wamakame wawili, na namna kambi inavyowatenganisha. Msomaji hatachanganyikiwa iwapo kambi yenyewe imeshalitatua tatizo hilo mbele ya macho yake.

BARAKA: Nimefikiria pia wale vijana wa Ulaya ya kusini-mashariki waliochukuliwa na dola ya Uthmaniyya kwa ajili ya jeshi la sultani. Waliposilimishwa walipewa majina mapya, na kwenye daftari waliosilimu waliandikwa kwa kawaida kuwa ni bin Abdullah. Baba halisi akafutwa kwa neno moja la karani. Nikajiuliza, jeshi la majoka lingemweka nani mahali pa baba?

ZUHURA: Ukapata jibu gani?

BARAKA: Joka. Nimebadilisha mpangilio wote. Mpishi nimempandisha, sasa ndiye mhusika mkuu. Amezaliwa usiku, kwa hiyo nyumbani ameitwa Chausiku binti Kombo, kama ambavyo angeitwa kwetu. Siku joka linapomkubali, karani wa kambi anachora mstari juu ya binti Kombo na kuandika jina la joka baada ya neno wa. Haulizwi kama anataka.

ZUHURA: Na joka linaitwaje? Usiniambie Drakhul.

BARAKA: Subira.

ZUHURA: Subira! Hebu tueleze umelitoa wapi, maana nalipenda.

BARAKA: Nimelitoa kwenye majahazi. Mwenye chombo hakiiti chombo chake kwa jina la kutisha, kwa kuwa anajua bahari inatisha vya kutosha. Hukiita kwa dua, au kwa neno analotaka limfikishe bandarini. Watu wanaolea majoka tangu yakiwa kwenye mayai, wanaoyalisha na kuyapaka mafuta kwenye mbawa, nao wangefanya hivyo hivyo. Wanajua ni kiumbe cha namna gani, kwa hiyo wanampa jina la kile wanachomwombea. Mji unaozingirwa ukisikia kwamba anayekuja usiku huo anaitwa Subira, nadhani hofu yake itakuwa kubwa kuliko kusikia jina lililotungwa ili kutisha.

ZUHURA: Inakuwa kubwa, kwa sababu jina halihangaiki kuthibitisha chochote. Na watu wa mji ule watakuwa na jina lao wenyewe kwa joka huyohuyo, kama ilivyokuwa kwa Tippu Tip. Usilisahau hilo, maana katika mazungumzo ya kubadilishana mateka pande mbili zitamtaja joka mmoja kwa majina mawili. Kuna kitu kingine ambacho lugha yetu inakupa bila gharama. Umesema sasa hivi "joka linapomkubali", halafu baadaye ukasema "anayekuja". Umeusikia upatanisho wako?

BARAKA: Nimebadili ngeli bila kujua.

ZUHURA: Basi katika riwaya ufanye kwa kujua. Bwana mahesabu wa kambi aseme "joka limekula mbuzi sita". Chausiku aseme "Subira amekula". Siku atakapotokea jenerali akasema "amekula", kila askari aliye karibu ageuke kumtazama. Hakuna haja ya kueleza kwamba jenerali huyo naye aliwahi kuwa mpandaji.

BARAKA: Nitaiandika sahifa hiyo leo usiku.

ZUHURA: Kabla hujaandika, nikupe mfano mmoja ambao nimekaa nao kwa muda mrefu. Ni barua ya Kigiriki iliyoandikwa kwenye papiri katika karne ya 2, na sasa imehifadhiwa Berlin. Mwandishi ni kijana wa Misri aitwaye Apion, ambaye ameingia katika jeshi la maji la Roma na kufika kambi ya Misenum, karibu na Napoli. Anamwandikia baba yake, Epimachus. Anamshukuru mungu Serapis kwa kumwokoa baharini, anaeleza kwamba amepokea sarafu tatu za dhahabu kuwa posho ya safari, na anamshukuru baba kwa malezi mema, kwa kuwa kwa malezi hayo anatumaini kupanda cheo haraka. Anapeleka na picha yake ndogo. Barua inaanza kwa jina la Apion. Kisha, karibu na mwisho, baada ya salamu za ndugu na marafiki, anaweka sentensi fupi: jina langu ni Antonius Maximus.

BARAKA: Baada ya salamu?

ZUHURA: Baada ya salamu. Na ipo barua ya pili ya mtu huyohuyo, ya miaka iliyofuata, kwa dada yake Sabina. Sasa ana mke na watoto, na mmoja wao ameitwa Maximus. Barua hiyo inaanza kwa jina la Antonius Maximus. Apion hatajwi tena.

BARAKA: Mwalimu, katika sura ya tisa Chausiku hajui kuandika, kwa hiyo anamwomba karani amwandikie mama yake. Karani ni yuleyule aliyechora mstari. Mwanzoni mwa barua Chausiku anasema, andika mimi mwanao Chausiku binti Kombo, na karani anaandika bila kupinga. Mwishoni anamwambia kwamba mama akijibu kwa jina hilo barua haitafika, kwa sababu kambini hakuna mtu wa jina hilo. Lazima aandike Chausiku wa Subira.

ZUHURA: Na Subira, katika mpango wako, anakufa sura ya kumi na nne.

BARAKA: Anakufa. Asubuhi yake kuna gwaride, na karani anaita majina kutoka kwenye daftari. Anafika kwenye mstari wake, anamwona Chausiku amesimama peke yake mahali ambapo kila mpandaji ana joka nyuma yake. Chini ya wino wa jina la joka bado linasomeka lile aliloliandika siku ya kwanza na kulipigia mstari. Nimeandika hadi pale anapofungua kinywa.

ZUHURA: Atamwita nani?

BARAKA: Nimejaribu majina yote mawili, na kila moja linamuumiza kwa namna yake. Kuna rasimu ambayo anamruka na kwenda kwa anayefuata.

ZUHURA: Niletee rasimu zote tatu Jumamosi, tuzisome kwa sauti.