Tairi la Moto Usilitoe Upepo

NEEMA: Karibu tena msikilizaji. Tuko Arusha, baridi ya Julai imetufuata hadi studioni. Mimi ni Neema, na niko na kaka Elia, ambaye kabla ya maikrofoni ameendesha watalii njia ya Karatu na Serengeti miaka mingi. Leo tunaongelea upepo wa matairi.

ELIA: Asante dada Neema. Naomba nianze na linaloniuma. Utamkuta dereva amesimama Mto wa Mbu saa nane mchana, jua linawaka, gari limejaa. Anagusa tairi, linachoma. Anapima, geji inasoma 40 kwa psi, kile kipimo cha upepo wa tairi, na asubuhi aliweka 35. "Hili litapasuka," anasema. Anafungua kofia ya valvu, anatoa upepo mpaka irudi 35. Basi hapo ndipo amelitafutia kupasuka.

NEEMA: Lakini kaka, si ndivyo wengi tulivyofundishwa? Limepanda, lishushe.

ELIA: Ndiyo maana linaniuma, kwa sababu tunafundishana vibaya. Tairi likitembea linapata moto. Joto likiongezeka nyuzi 5 au 6 hivi, upepo unapanda karibu psi 1. Kwa hiyo kupanda psi 4, 5, hata 6 kutoka asubuhi ni kawaida, watengenezaji wamelihesabia hilo. Ile namba kwenye stika ya mlango wa dereva ni ya tairi lililopoa. Sasa umetoa 5 likiwa la moto. Kesho alfajiri uko Karatu, unaijua baridi yake, lile tairi linasoma 30 au chini ya hapo. Unapakia wageni unaondoka na tairi laini. Na tairi laini ndilo linalopasuka.

NEEMA: Hebu tulia hapo hapo. Laini linapasukaje?

ELIA: Gari linabebwa na upepo, siyo mpira. Upepo ukipungua, ubavu wa tairi unajikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka. Chukua waya, ukunje na kuukunjua haraka haraka mahali pamoja. Utakuunguza vidole, halafu utakatika. Nyuzi zilizo ndani ya ubavu zinapata mateso hayo hayo kutoka Makuyuni mpaka mjini, kwenye lami, mwendo wa 80. Kwa nje huoni kitu.

NEEMA: Kwa hiyo lile joto alilolishika mkononi huenda lilitokana na upepo kuwa mdogo tangu asubuhi?

ELIA: Umelipata! Halafu yeye anaupunguza tena. Likipanda kupita kiasi, tuseme 9 au 10, jiulize: liliondoka na upepo pungufu? Mzigo umezidi? Mwendo je? Egesha kivulini, liache lipoe lenyewe, ndipo upime. Mara nyingi utakuta linataka kuongezwa.

NEEMA: Na lile linalopungua polepole? Langu la nyuma kushoto, kila wiki naliongeza, msumari siuoni.

ELIA: Umeliangalia kwenye valvu? Mafundi wetu wa pancha wana njia yao: anatoa kofia, anapaka mate mdomoni mwa valvu, anasubiri. Kikitokea kiputo kidogo, kikavimba na kupasuka, jibu ni hilo. Ama ile pini ya ndani imelegea, ama vumbi limekaa chini yake. Kukaza ni dakika moja, kubadilisha pini ni hela ndogo. Kwa hiyo kofia za valvu usiziache zipotee, ndizo zinazozuia vumbi letu la huku.

NEEMA: Na valvu ikiwa nzima?

ELIA: Maji ya sabuni, zunguka ukingo wote wa rimu. Rimu iliyopigwa na shimo au yenye kutu, tairi halikai vizuri, upepo unatafuta njia hapo. Tyubulesi nzima, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, yenyewe hupoteza psi 1 au 2 kwa mwezi, hiyo usihangaike nayo. Lakini kila wiki? Hapana dada, hilo lina tatizo. Lipeleke.

NEEMA: Nitalipeleka. Kuna msikilizaji ameuliza, ukipanda Ngorongoro upepo unaongezeka?

ELIA: Kidogo mno. Kutoka mjini kwenye mita 1,400 mpaka ukingo wa kreta kwenye 2,300, geji itasoma kama psi 1 zaidi, maana hewa ya nje imepungua mgandamizo. Baridi ya juu inairudisha. Usiguse kitu.

NEEMA: Kwa hiyo kutoa upepo ni mwiko kabisa?

ELIA: Siyo kabisa, kuna mahali unatoa kwa makusudi. Njia ya Natron, ukishapita Engaruka, kuna mchanga na vumbi jepesi. Pale unashusha mapema, kabla hujazama. Unabonyeza pini kwa ncha ya ufunguo, unasikiliza, unapima, unabonyeza tena, mpaka 20 au 25 kulingana na mzigo. Tairi linalala chini kwa urefu, linakanyaga eneo kubwa, gari linapita juu ya mchanga badala ya kuchimba. Ila mwendo uwe wa taratibu na usukani usiukate ghafla, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Na uwe na kompresa yako. Ukirudi Mto wa Mbu, jaza kabla ya kukanyaga lami. Anayepanda lami na tairi la mchanga, mimi simpandii gari.

NEEMA: Tairi la akiba tumelisahau.

ELIA: Kila mtu hulisahau! Wewe una IST, si ndiyo? Lile jembamba lililolala chini ya buti, lisome ubavuni. Mengi yameandikwa psi 60, na watu wanayawekea 30 kama mengine. Siku ya pancha unalifunga, limeshabonyea.

NEEMA: La kwangu tangu ninunue gari sijawahi kulitoa.

ELIA: Basi tukimaliza twende nje, geji ninayo kwenye gari.