Ukiisogeza Safari kwa Wiki Moja

Walimu wenzangu, na wazazi mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, asanteni. Nimeombwa nizungumzie usalama wa wanafunzi nje ya darasa. Mpira na skauti wapo wanaovijua kunishinda. Mimi nitasema bahari, maana hapa Lamu hata chama cha historia hakifiki magofu ya Takwa, kisiwani Manda, bila chombo.

Zamani niliwapeleka watoto huko. Safari ilikuwa ya Jumamosi, ikaahirishwa wiki moja kwa sababu ya mtihani. Ratiba hatukuigusa: kutoka saa tatu na nusu, kurudi saa saba. Pale gatini mzee mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mwezi una siku ngapi leo?" Nikacheka.

Kujaa na kupwa kwa maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Zidisha kwa siku 7, utapata karibu saa 6. Yaani yakijaa saa sita Jumamosi hii, Jumamosi ijayo saa sita yamekupwa. Na ile ilikuwa bamvua, maji ya mwezi mwandamo au mpevu, yanayojaa sana na kupwa sana; ndiyo maana mzee aliuliza siku za mwezi. Tuliingia na maji ya mwisho; kutoka, mkondo wa mikokoni ukawa tope tupu. Tumekaa chomboni mpaka alasiri, jua la utosi, maji ya kunywa yamekwisha, na mtoto mmoja ana pumu, dawa yake ya kuvuta kaiacha bwenini. Alipona, alhamdulillahi. Fomu za wazazi zote zilikuwa na saini, zimepangwa vizuri, ofisini.

Mzee alijua. Nahodha pia alijua, lakini keshapokea arubuni. Mkuu wa shule keshatangaza. Wa kusema "hatuendi" hakuwapo.

Basi mteueni, kwa jina na kwa maandishi, kabla ya kila safari. Asiwe nahodha wala mkuu.

Jaketi za kuokolea zivaliwe nchi kavu, mtoto mmoja mmoja. Ya mtu mzima humpanda mtoto mpaka masikioni, akianguka majini humtoka. Na msiulize mbele ya wenzake nani hajui kuogelea. Wote watasema wanajua! Hata yule wa Mpeketoni aliyeiona bahari juzi.

Mwaka uliofuata kazi hiyo tulimpa mwalimu wa jiografia. Safari yake ya kwanza aliivunja pale pale gatini, upepo wa kusi umechachamaa. Watoto wakanuna, na mimi nikanuna kidogo. Takwa tulikwenda baada ya siku 14.