Kivuli cha Saa Sita: Mhadhara kwa Wapiga Picha wa Goma

Jambo yenu, kaka na dada. Nashukuru hatukuchagua Jumamosi, maana ningezungumza na viti; ninyi nyote mngekuwa harusini.

Leo tunazungumzia kuondoa kivuli kwenye picha, na kwa hilo Goma ina shida yake. Hatufiki hata nyuzi mbili kutoka ikweta, jua la saa sita linakaa utosini, na chini ya miguu yetu ni jiwe jeusi la volkano ya Nyiragongo. Penye mchanga mweupe, ardhi hurudisha mwanga usoni kutoka chini. Lava haina ukarimu huo, inaumeza karibu wote. Ndiyo maana bibi harusi aliyesimama juu ya mawe ya mlipuko wa 2002 anatoka pichani na mashimo mawili mahali pa macho.

Wengi wenu mkishafungua picha hiyo kwenye programu ya kuhariri kama Photoshop au GIMP, mnakimbilia brashi ya kuponya. Brashi hiyo huazima umbile la ngozi ya jirani na kulipaka juu ya doa. Kwa chunusi, sawa kabisa. Lakini ndani ya kivuli ngozi ya mteja bado ipo, kope zipo, mikunjo ya kucheka ipo; kilichopungua ni mwanga. Mkipaka ngozi ya shavu juu ya jicho, mmemfuta mtu.

Basi pandisheni mwanga. Weka tabaka la marekebisho juu ya picha, yaani tabaka linalobadili mwanga bila kugusa picha yenyewe, ongeza mwanga mpaka sehemu ya kivuli ikaribiane na shavu lililo juani. Picha nzima itaonekana imeungua, usishtuke. Jaza maski ya tabaka hilo, ile inayoamua sehemu gani ionekane, rangi nyeusi, yote yatafichika, kisha pita na brashi nyeupe juu ya kivuli peke yake. Kwa GIMP nakili tabaka la picha kwanza, ung'arishe nakala, uipe maski vilevile.

Kazi ngumu iko ukingoni. Jua si nukta, ni duara lenye upana wa karibu nusu nyuzi angani, kwa hiyo ukingo wa kivuli hutawanyika kama sentimita moja kwa kila mita kati ya kitu na kivuli chake. Ukingo wa kofia uko karibu na pua, kivuli chake kinakata kama wembe. Jani la mti lililo mita tano juu ya kichwa huleta ukingo wa karibu sentimita tano. Brashi ngumu kwa kofia, laini kwa mti. Anayetumia moja kwa vyote huacha ule mstari mweupe ambao hata mama mkwe anauona.

Halafu rangi. Kivuli cha nje huangazwa na anga, na anga ni buluu. Ukipandisha mwanga tu, ngozi yetu inageuka majivu. Ongeza njano na wekundu kidogo, ukilinganisha na shavu la mteja huyohuyo. Hapa nasema wazi: kuna studio ambazo zikianza kuondoa kivuli haziachi mpaka bwana harusi awe mtu mwingine. Mimi sipendi, hata mteja akilipa.

Piga faili ghafi (RAW), picha ambayo kamera haijaibana, kama kamera inaruhusu. JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, faili ghafi ya biti 14 ina 16,384. Ukivuta giza la JPEG, chembechembe zinajaa.

Kivuli chako mwenyewe cha saa kumi, kile kinacholala mbele ya wateja, hicho ndicho cha kuponya au kunakili juu yake. Lava inasaidia, kwa sababu haina mpangilio, vigae vitakutesa. Ila kivuli kilicho chini kabisa ya viatu, au ya magurudumu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, kiache. Kikitoka, kitu kinaelea.

Kuna aliyeuliza kuhusu foto za pasipoti. Hizo usiziguse kwa programu. Kanuni za kimataifa zinataka uso na ukuta visiwe na kivuli, na nchi nyingi hukataa picha iliyorekebishwa. Mtoe mteja ukutani kama mita moja, mgeuzie dirishani, na mshikishe kitambaa cheupe chini ya kifua, nje ya fremu.