Kuchambua, kazi ya vidole

Basi ndugu zangu, leo naongelea neno moja tu, kuchambua. Tunalisikia kila siku redioni, mchambuzi wa soka, mchambuzi wa siasa, na wengi siku hizi wanadhani maana yake ni kuongea sana.

Nendeni Pemba msimu wa karafuu muone. Wachumaji wakirudi na mapakacha yao karafuu bado iko kwenye vishada, punje na makonyo pamoja, sasa jioni watu wanakaa chini kwenye jamvi, mabibi, watoto, majirani, unashika kishada kwenye kikonyo unakisugua kwenye kiganja cha pili huku unakizungusha kidogo, punje zinadondoka huku, konyo unaliweka kule, mpaka usiku. Hapo ndo kuchambua kwenyewe! Na lile fungu la makonyo halitupwi jamani, nayo yanaanikwa yanauzwa, kiwandani yanakamuliwa mafuta.

Kanda ya Ziwa vilevile. Kiwanda cha kuchambua pamba kinafanya nini? Kinatoa nyuzi kwenye mbegu. Nyuzi zinaenda kusokotwa, mbegu zinakamuliwa mafuta, mashudu wanakula ng'ombe.

Sasa hii ndo maana ninayoipenda na naomba tuishike. Ukichagua unachukua unachotaka, kingine unaacha. Ukipepeta upepo unakusaidia, pumba zinaruka zenyewe. Ukichekecha, matundu ya chekeche ndo yanaamua. Ila ukichambua lazima uangalie kimoja kimoja kwa macho yako, na kila kipande kinapata pa kwenda. Na hiyo -ua ya mwisho isikilizeni, iko kwenye fungua, zibua, bandua, yaani vilivyoshikana vinaachanishwa.

Ndo maana mwanafunzi akiambiwa chambua shairi halafu akalisimulia upya mwanzo mpaka mwisho mi simpi maksi, bado hajaachanisha kitu, vina viko wapi, mizani iko wapi, anayesema ni nani na anamwambia nani, vyote ameviacha vimeshikana vilevile.

Dada pale nyuma ameuliza kuhusu kuainisha. Hilo limejengwa juu ya aina, neno tulilolitoa kwenye Kiarabu, tukaliongezea -isha likawa kitenzi. Kuainisha ni kupanga vitu kwa aina zake, mara nyingi vikiwa vimeshaachanishwa, kwahiyo kuchambua kunatangulia. Haya, maswali mengine karibuni.