Hitilafu sifuri, sindano imepiga ukingo

ZUHURA: Haya tuko hewani, leo Kassim kaja na kesi na mshtakiwa ni yeye mwenyewe.

KASSIM: (anacheka) Dada usianze bwana. Ngoja nieleze. Nina kamera iko juu inaangalia trei ya vishimo vya sampuli, halafu kuna mkono wa mashine wenye sindano, sasa kamera inaongea pikseli, mashine inaongea milimita, kwa hiyo unabandika alama kwenye trei, unaziklik kwenye picha, unaiambia programu hii iko milimita kadha, ile kadha, yenyewe inatafuta hesabu ya kutoka huku kwenda kule. Nikasajili alama tatu. Hitilafu, yani tofauti kati ya hesabu yake na milimita nilizoiambia, ikaja sifuri. Sifuri kabisa! Nikaenda zangu kunywa maji.

ZUHURA: Ulifurahia nini sasa?

KASSIM: Si sifuri?

ZUHURA: Sifuri ya alama tatu ni ya bure hiyo. Hesabu ya afini, ile inayosogeza, inazungusha, inakuza na kulaza picha upande, inatafuta namba 6. Kila alama inaleta mbili, x na y yake. Tatu mara mbili, sita. Yani hata ungeklik kwenye vumbi ingekupa sifuri vilevile, bora tu zisikae mstari mmoja, maana programu haina cha kulinganishia. Alama ya nne ndo inaanza kukuumbua.

KASSIM: Mi niliumbuliwa na sindano. Karibu na alama inaingia katikati ya kishimo safi kabisa, ukienda kona ya mbali inagonga ukingo.

ZUHURA: Ulizibandika wapi?

KASSIM: ...Kona moja zote. Ndo palikuwa na nafasi, kama milimita 20 toka hii mpaka ile.

ZUHURA: Uuwi. Na pikseli yako moja ni milimita ngapi?

KASSIM: 0.1 hivi.

ZUHURA: Basi umekosea nusu pikseli tu kwenye kuklik, hiyo ni 0.05, huioni hata kwa macho. Lakini umekosea ndani ya milimita 20, na kona ya mbali iko 300, mara 15 hapo, ushafika 0.75. Kosa linafunguka kama feni jinsi unavyoenda mbali. Alama inabidi zizunguke eneo unalofanyia kazi, sio zikae pembeni zinachungulia.

KASSIM: Nikajirekebisha, nikaweka nne, kila kona moja, mraba mzuri umenyooka. Hitilafu ndogo, nikasema sasa nimepona. Sindano ikaenda upande mwingine kabisa wa trei!

ZUHURA: Ulianza kuklik kona gani?

KASSIM: Hapo ndo penyewe, nilianza kona ya pili badala ya kwanza.

ZUHURA: Sasa mraba ukiuzungusha robo si unabaki mraba uleule? Programu imeona zimekaa vizuri, imeridhika, na haina kosa masikini. Ndo maana mi mpangilio wa kupendeza siupendi, alama moja naisogeza ndani makusudi, nikikosea mfuatano wa kuklik hitilafu inapanda juu naiona hapohapo. Au tumia zile za ArUco, za miraba myeusi na myeupe, kila moja ina namba yake ndani, OpenCV, ile programu ya kuchambua picha, inazisoma hata trei ikigeuzwa.

KASSIM: Na ile y inayoshuka je?

ZUHURA: Eeh, hiyo imeliza wengi. Kwenye picha sifuri iko juu kushoto na y inahesabiwa kwenda chini, mashine nyingi y inapanda. Ukisahau unapata picha ya kwenye kioo. Halafu kuna programu zinahesabu kuanzia katikati ya pikseli, nyingine kuanzia kona yake, hapo nusu pikseli inapotea kimyakimya.

KASSIM: Kitovu cha alama je, mi naklik kwa jicho.

ZUHURA: Acha. Kuza, chagua doa zima, iache programu itafute kitovu kwa uzito wa mwanga, inashuka chini ya pikseli moja. Ila kamera ikiinama duara linakuwa yai, na kitovu cha yai sio kitovu cha duara lako, kidogo tu lakini kipo, ndo mana wengi wanapenda makutano ya miraba kama ubao wa drafti. Na kamera ikiinama afini haitoshi, unataka homografia, hesabu inayojua na mwinamo, yenyewe inatafuta namba 8, alama nne ni za kuanzia tu.

KASSIM: Umenikumbusha vile vimsalaba kwenye picha za mwezini.

ZUHURA: Zile za Apollo 11, 1969! Ndo mambo yetu hayahaya, kioo mbele ya filamu, misalaba 25, milimita 10 kati ya mmoja na mwingine, filamu ikijikunja unaipima kwa hiyo misalaba. Watu wanaona msalaba umekatika kwenye kitu cheupe wanasema picha feki, kumbe mwanga umezidi tu umemeza mstari mwembamba.

KASSIM: Sasa alama zangu ziwe ngapi?

ZUHURA: Weka sita, sajili tano, ya sita ifiche. Ukimaliza ielekeze sindano kwenye hiyo ya sita, itakachokosa hapo ndo hitilafu yako, sio namba ya kwenye skrini.

KASSIM: Nilifanya jana. 0.1.

ZUHURA: Afadhali. Na picha usiipunguze ukubwa baada ya kusajili, pikseli zote zinahama.

KASSIM: ...

ZUHURA: Kassim.

KASSIM: Nilipunguza nusu, faili lilikuwa zito.