Ufunguo Mmoja, Vifaa Vitatu: Kutafuta Ubovu wa Rimoti ya Gari

Ndugu mafundi, na nyinyi wenye magari mliokuja kusikiliza, karibuni. Leo sizungumzii mashine za kuprogramu. Nimeziacha makusudi, kwa sababu rimoti nyingi zinazopelekwa kuprogramiwa hazijasahau kitu chochote. Zina betri iliyochoka, au swichi iliyochakaa, au chipu imebaki kwenye kava la zamani na kava liko jalalani. Mteja analipia programu, na rimoti inarudi ilivyokuwa.

Tuuangalie ufunguo wenyewe. Chukua ule wa kawaida wa Toyota iliyotoka Japani, wenye chuma na vitufe viwili kwenye plastiki. Ndani yake mna vifaa vitatu visivyotegemeana. Cha kwanza ni chuma chenye meno, kinachozungusha silinda. Cha pili ni chipu ya imobilaiza, yaani ulinzi unaozuia injini kuwaka kwa ufunguo usiosajiliwa; ni kipande cheusi kidogo kisichotumia betri kabisa. Koili, yaani waya wa mizunguko mingi uliozunguka tundu la ufunguo, ndiyo inayoipa nguvu kwa mawimbi ya takribani kilohezi 125 au 134, nayo inajibu kwa namba yake. Cha tatu ni bodi ya rimoti yenye betri, inayorusha amri ya milango kwa redio. Kimoja kinaweza kufa na wenzake wakaendelea na kazi kama hakuna msiba.

Kwa hiyo dalili ndiyo inayokuonyesha pa kugusa. Kitufe hakifungui mlango lakini gari linawaka vizuri: chipu ni nzima, hangaika na bodi. Kitufe kinafungua mlango, starta inazungusha, injini haishiki, na taa ya usalama kwenye dashibodi haizimiki: hapo betri ya rimoti haina kosa, tafuta chipu. Ufunguo unazunguka kwa kubembelezwa tu: chuma kimelika, na hakuna bodi wala chipu itakayokusaidia.

Kabla hujaingiza bisibisi kwenye plastiki, jaribu ufunguo wa pili kama upo. Funguo zote mbili zikigoma kufungua milango, ubovu una uwezekano mkubwa wa kuwa kwenye gari. Toyota nyingi zinalisha kipokezi cha rimoti kupitia fyuzi iliyoandikwa DOME, ileile ya taa ya ndani. Taa ya ndani haiwaki na rimoti iko kimya? Anza na fyuzi. Pia gari nyingi haziitikii rimoti wakati kuna ufunguo kwenye swichi, na hazikubali kujifunga zikiamini mlango mmoja uko wazi. Swichi ya mlango iliyoganda kwa vumbi imewapeleka watu wengi kununua rimoti mpya bure.

Sasa betri. Namba iliyoandikwa mgongoni ni vipimo. CR2032 ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ni kipenyo kilekile, unene 2.5. CR1632 ni kipenyo cha 16, unene 3.2. Zote ni za volti 3, ndiyo maana watu huweka CR2016 mahali pa CR2025 na kukunjia kipande cha karatasi ya sigara ili ibane. Itafanya kazi leo. Kesho ufunguo ukidondoka, betri inacheza na mguso unapotea. Wekeni ile iliyoandikwa ndani ya kava.

Kupima kwa multimeta, ile mita ya umeme, kuna mtego. Betri mpya inaonyesha volti 3.2 hivi. Iliyochoka inaweza kuonyesha 3.0 ukiipima ikiwa peke yake, ukaamini ni nzima. Tatizo lake ni ukinzani wa ndani uliopanda: rimoti inapoanza kurusha huvuta miliampia kadhaa kwa mkupuo, na volti zinaporomoka. Ipimeni ikiwa na mzigo. Shikilia rezista ya ohm 470 kati ya chanya na hasi kwa sekunde tano huku ukitazama mita. Hiyo inavuta kama miliampia 6. Ikishuka chini ya 2.7, itupe. Kama huna rezista, iache betri kwenye bodi, weka ncha za mita kwenye miguu ya kishikio, kisha bonyeza kitufe uone namba zinavyokwenda. Rimoti inayofungua mlango kwa hatua mbili tu badala ya ishirini, au inayogoma asubuhi ya baridi kule Njombe na kuamka mchana, karibu kila mara ni hii.

Ukibadilisha, tazama alama ya jumlisha. Kuna rimoti ambazo chanya inatazama juu na nyingine inatazama chini. Futa betri kwa kitambaa kikavu, kwa sababu mafuta ya vidole yanazuia mguso. Siku hizi baadhi ya betri hupakwa dawa chungu ili mtoto asizimeze, na utando huo nao huweza kuzuia mguso kwenye vishikio vyembamba. Ufute kwa spiriti. Na kwa kuwa tumetaja watoto: betri hizi zikikwama kooni huunguza nyama ndani ya saa mbili. Ile ya zamani usiiache mezani. Mtoto akiimeza, nendeni hospitali saa hiyohiyo, msisubiri aitoe chooni.

Kuna imani mtaani kwamba betri ikitoka tu, rimoti inafutika. Kwa magari mengi ya Kijapani tuliyonayo si kweli. Namba zimehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji umeme. Baadhi ya magari ya zamani ya Ulaya ndiyo huhitaji kusawazishwa upya. Kinachowachanganya watu ni kitu kingine, yaani namba inayobadilika kila unapobonyeza. Kwenye mfumo wa KeeLoq, kwa mfano, gari linakubali mara moja rimoti ambayo namba yake imelitangulia kwa mibonyezo isiyozidi 16. Mtoto akiichezea ndani ya nyumba mara mia, gari litaikataa, lakini litaipokea tena likisikia mibonyezo miwili inayofuatana. Basi bonyeza mara mbili au tatu ukiwa kando ya gari kabla hujamtafuta mtu wa kuprogramu.

Betri mpya ipo na bado kimya? Fungua, tazama kishikio. Vijiti vya mguso hulala kwa muda. Viinue taratibu kwa kijiti cha meno. Kibano cha chuma kinaweza kugusisha chanya na hasi. Kisha tazama mahali kishikio kilipolehemiwa kwenye bodi. Hapo ndipo nguvu yote ya kusukuma betri inapoishia, na lehemu hupasuka kwa mstari mwembamba wa duara usioonekana bila lenzi. Flaksi kidogo, yaani dawa ya kulehemia, pasi ya kulehemu ya nyuzi 350, sekunde mbili au tatu, basi. Betri iwe imetolewa.

Swichi za vitufe ndizo hufa kwa haki, kwa sababu zinafanya kazi. Kitufe cha kufungua kinachoka kabla ya cha kufunga, na mmiliki anajikuta anabonyeza kwa kidole gumba mpaka ukucha unageuka mweupe. Weka multimeta kwenye mlio, ncha mbili kwenye miguu ya swichi, bonyeza. Nzima inatoa mlio na ohm zinakaribia sifuri. Iliyochakaa inasoma makumi au mamia ya ohm, au inarukaruka. Kuiondoa, usiivute. Ongeza lehemu mpya pande zote mbili, pasha moto kwa kupokezana mpaka iteleze yenyewe, kisha safisha kwa utepe wa kunyonya lehemu. Anayevuta hung'oa shaba ya bodi, na kuanzia hapo kazi ya dakika kumi inageuka kazi ya kuunga nyaya.

Swichi mpya pima urefu, upana na hasa kimo, pamoja na ile pini ya juu. Kimo kikizidi cha ile ya zamani kwa nusu milimita, ukifunga kava kitufe kitabaki kimebonyezwa daima. Betri mpya itaisha ndani ya siku chache na mteja atarudi akisema umemwekea betri feki.

Rimoti iliyodondoka kwenye sakafu ya saruji ina ugonjwa wake. Kinachopasuka mara nyingi ni kristali au rezoneta, kijisanduku cha chuma kinachoshika masafa. Swichi zinalia vizuri, betri ni nzima, hakuna kinachotoka hewani. Hapa kisio halitoshi. Kipokezi kidogo cha redio cha kuchomeka USB, aina ya RTL-SDR, na programu ya bure kwenye kompyuta vitakuonyesha mlingoti wa mawimbi kila unapobonyeza, na utaona pia kama uko mahali pake. Ukibadilisha rezoneta, iwe ya masafa yaleyale.

Suala la masafa linastahili dakika yake. Mnajua redio za magari mengi ya Japani zinavyokomea pale megahezi 90 na kutunyima stesheni zetu. Funguo nazo zina habari ya namna hiyo: rimoti za soko la Japani ziko kwenye megahezi 312 hadi 315, za Ulaya ziko 433.92. Ukiagiza rimoti ya modeli hiyohiyo iliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, kava litafanana mpaka nembo, na gari halitaisikia hata ukiibandika kwenye kioo. Kabla ya kulipa, omba picha ya bodi, si ya kava.

Kuhusu kubadilisha kava: hapa ndipo funguo nyingi zinapouawa. Bodi inatoka, inaonekana, inahamishwa. Chipu ya imobilaiza kwenye funguo nyingi za chuma haiko kwenye bodi. Imejificha kwenye kitundu chake cha plastiki, wakati mwingine imegandishwa kwa gundi. Ni kipande cha urefu wa kama milimita 12, au kijimrija cha kioo. Fundi anahamisha bodi na chuma, mlango unafunguka, kila mtu anafurahi, gari haliwaki. Toa chipu kwanza, iweke kwenye kifuniko cha chupa, ndipo ushughulike na mengine. Ya kioo usiibane kwa koleo. Chuma kikiwa kimelika, usinakili meno yaliyolika. Tafuta namba ya ufunguo kwenye kile kibati kidogo kilichokuja na gari, ukatiwe kwa namba.

Magari ya kubonyeza kitufe kuwasha yana tofauti moja kubwa: rimoti inasikiliza muda wote, kwa hiyo betri hudumu mwaka mmoja hadi miwili, na chini ya hapo ikiwa inalala kando ya televisheni au chaja ya simu. Gari likisema halioni ufunguo, kwenye Toyota kanyaga breki, gusisha upande wa nembo ya rimoti kwenye kitufe cha kuwasha, subiri mlio, kisha bonyeza ndani ya sekunde kumi. Likiwaka, chipu iko hai na betri ndiyo ya kwanza kushukiwa. Vitufe vinafanya kazi lakini gari halitambui rimoti mfukoni? Kwanza hakikisha haijaingizwa kwenye hali ya kutunza betri: kwenye Toyota nyingi, kushikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili huizima ile sehemu inayosikiliza, taa ikimulika mara nne. Kubonyeza kitufe chochote kunaiamsha. Kama si hivyo, pima ile koili ya mraba mweusi kwenye bodi. Ina nyuzi tatu ndani yake, kila moja na jozi yake ya miguu. Linganisha ohm zake. Isiyosoma kabisa imekatika kwa kudondoka.

Rimoti iliyoingia maji: betri itoke sasa hivi, kabla ya kujipangusa. Umeme ukiwa ndani ya maji ndio unaokula shaba. Kwa maji ya bahari, suuza kwanza bodi kwa maji yaliyokenekwa ya kuongezea betri za gari, yasiyo na asidi, maana spiriti haiyeyushi chumvi vizuri. Ndipo upige mswaki laini kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na uache ikauke kivulini siku nzima. Mchele hautoi chumvi, na juu ya dashibodi kwenye jua la Mombasa plastiki itapinda kabla bodi haijakauka.

Kuna aliyeuliza kuhusu rimoti za mtumba. Za Toyota za kubonyeza kuwasha, zikishasajiliwa kwenye gari moja hujifunga. Lazima zifunguliwe kwa kifaa maalumu kabla ya kuingia gari lingine, na muuzaji akujibu swali hilo kabla hujatoa pesa. Magari mengi ya Japani hufika hapa na ufunguo mmoja tu, kwa hiyo sajilini wa pili wakati wa kwanza ungali hai. Na siku ya kusajili, someni kwenye mashine idadi ya funguo zilizopo kabla ya kuanza, na msome tena mkimaliza. Mashine ikisema tatu na mezani kuna mbili, wa tatu uko mfukoni mwa mtu. Futeni zote, msajili hizo mbili upya.