Mizizi ya Muombo

Wababa, wamama, na nyinyi vijana mliobanana kule mlangoni, nawasalimu katika jina la Yesu. Nimeombwa niseme juu ya kukua katika imani. Naomba nianzie porini.

Mwaka jana nilikwenda shambani kwa kaka yangu, njia ya Kasenga. Alikuwa anasafisha mahali pa kupanda mihogo. Akanionyesha kichipukizi cha muombo, ule mti wa pori letu, kisichofika gotini, akasema, "Dada, ng'oa hicho." Nikavuta kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Wapi! Akachukua jembe, akachimba. Mzizi ulikuwa mnene kama mkono wangu, na mwisho wake hatukuuona. Kila kiangazi moto hupita, kile cha juu kinaungua, mvua zikija kinaanza tena. Miaka inapita unaona mtoto yuleyule, kumbe huko chini anaweka akiba. Siku akiba ikitosha, shina linapanda mbio mpaka moto usiliweze tena.

Nimefundisha katekisimu hapa Katuba, Lubumbashi, miaka 31, na kosa langu kubwa ni kutazama juu tu. Kulikuwa na kijana aliyeongoza mkesha kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima. Hajamaliza mwaka tangu abatizwe, nikamsifu mbele ya watu, nikamkabidhi kundi. Paulo alimwonya Timotheo asimweke katika uongozi mtu aliyeongoka karibuni. Maneno hayo nilikuwa nimeyafundisha mwenyewe! Yule kijana alipofiwa na mtoto, aliacha kila kitu. Watu walisema imani yake ilikuwa ya uongo. Hapana. Ilikuwa changa, na mimi ndiye niliyeitwika gunia.

Wazee wetu wa Jamaa, ule mwendo wa familia za Wakatoliki, walilijua jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kule Musonoi karibu na Kolwezi, Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikaa na wafanyakazi wa migodi na wake zao, wakafundishana polepole, nyumba kwa nyumba. (Baadaye kulikuwa na magomvi na maaskofu, leo siyagusi.) Maneno yao yalikuwa matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mimi nashikilia hilo la katikati. Walikuwa wanasema juu ya kuzaana katika imani: huyu anamzaa yule, na yule naye anakuzaa wewe. Kwa hiyo ukitaka kujua kama umekua, usihesabu novena, zile sala za siku tisa. Uliza ni nani anayesali leo kwa sababu alikaa karibu nawe.

Na uzazi huu hauna umri. Kalebu alikuwa na miaka 85 alipomwomba Yoshua ampe nchi ya milima, yenye miji ya maboma! Ana wa Injili ya Luka, mjane mzee, ndiye aliyetembea hekaluni akiwaambia watu habari za mtoto Yesu. Sisi wazee wetu tunawapa benchi la mbele wasinzie, basi. Mama mmoja hapa haoni tena kusoma, lakini zaburi anazo kichwani. Wajukuu wanakosea makusudi ili awasahihishe. Hiyo nayo ni katekisimu, na nadhani inashinda yangu.

Sasa, aliyeungua je? Ayubu alisema mti uliokatwa una tumaini, kwa harufu tu ya maji utachipuka. Tusimsome nusu: alisema hivyo kwa uchungu, kwamba mti una tumaini na mtu hana. Sisi tunaojua habari ya kaburi la Yesu tunaweza kumjibu, lakini tumjibu kwa upole. Nendeni mahali walipokata miti ya kuchoma makala, mtazame visiki baada ya mwaka mmoja.

Kwa yule kijana nilikwenda. Sikuhubiri. Tulikula bukari (ugali) na sombe (majani ya mihogo), nikarudi nyumbani. Nikaenda tena, na tena. Mnajua mwezi wa tisa muombo unatoa majani mekundu wakati mvua haijanyesha hata tone? Unakula ile akiba ya chini. Basi mwezi wa tisa, mwaka wa nne, nikamwona kwenye misa ya asubuhi, nyuma ya nguzo. Hajaongoza mkesha tena. Anakuja, anapiga magoti, anaondoka bila kusalimu mtu. Simharakishi.